Nilivyopata jina la Basi kule Bulla Mtaro, Garissa: pasi moja iliyoniliza siku ya Idi

Wakuu, salaam aleikum. Salamu kwa waliojifunika blanketi kule Limuru na kwa wale wanaoungua na jua kama nilivyoungua mimi wiki jana.

Nimerudi juzi kutoka Garissa na bado nina furaha ya mtoto aliyenunuliwa viatu vipya. Lazima niandike, la sivyo nitapasuka.

Haya yote yamenitokea mimi mwenyewe na mashahidi bado wako hai. Mmoja wao huwa anasoma humu kimyakimya. Dheere, kama uko, nyamaza kwanza nimalize.

Twende.

Mimi ni Mtaita wa Voi. Nilipokuwa na miaka kumi, mama, mwalimu wa shule ya msingi, alihamishiwa Garissa. Baba alibaki na kazi yake Voi. Mimi na mama tukabeba magodoro na sufuria tukaenda.

Joto la Garissa siwezi kulielezea. Unaoga, unajifuta, unatafuta tena maji ya kuoga. Na wale korongo wakubwa wenye vipara! Wamesimama juu ya miti mjini wanakuangalia kama wazee wa kamati. Siku ya kwanza nilimshika mama mkono, na nilikuwa mvulana mkubwa.

Tulipanga nyumba Bulla Mtaro. Bulla kwa lugha ya Garissa ndiyo estate. Geti la mabati ya bluu, mwarobaini mmoja uani, mkokoteni wa punda unaleta maji asubuhi. Ukitembea kidogo tu nyumba zinaisha, na jioni unaweza kuona twiga wanakula miti kwa raha zao. Twiga bure wakuu, bila tiketi!

Jirani yetu alikuwa Ayeeyo Habiba. Ayeeyo ni nyanya kwa Kisomali. Aliuza maziwa ya ngamia kwenye mitungi ya njano, sauti yake ilisikika bulla nzima. Aliishi na mjukuu wake Abdi, ambaye hakuna aliyemwita Abdi. Aliitwa Dheere, yaani Mrefu. Huyo ndiye alikuwa kapteni wa timu ya mpira ya watoto wa bulla.

Sasa hapa ndipo uzi wenyewe unaanzia.

Kule kila mtu ana jina la utani, na hakuna anayekuuliza kama unalipenda. Uko na masikio makubwa, wewe ni Dhego, masikio, mpaka uzeeke. Golikipa wetu aliitwa Gaab, Mfupi. Ndiyo, golikipa wetu ndiye aliyekuwa mfupi kuliko wote. Msiniulize, hata mimi nilishangaa.

Mimi sikuwa na jina. Niliitwa "kijana ya mwalimu". Wakichagua timu wanasema, "Na kijana ya mwalimu akae huko nyuma." Iliniuma sana. Mgeni haitwi jina la utani, anaitwa kwa adabu. Nilitaka waniite kitu, chochote, ili nijue mimi pia ni wa pale.

Nikaamua jina nitalipata kwa miguu. Kwa chenga nilikuwa moto jamani, sijisifu, au tuseme najisifu kidogo.

Uwanja wetu ulikuwa vumbi tupu, magoli ya miti ya mathenge. Kama hujui mathenge, huo ni mti wenye miiba inayotoboa mpira, kiatu na mguu kwa mpigo mmoja. Tulifanya mazoezi mwezi mzima wa Ramadhani, alasiri, tukingoja mechi ya Idi dhidi ya Bulla Tangi. Wenzangu wamefunga. Mimi ni Mkristo, lakini utakunywaje maji mbele ya wenzako midomo imekauka? Nikawa nashinda na kiu kama wao. Ayeeyo alipogundua, jioni akaanza kutuletea sambusa kwenye sahani, zangu akiweka kando.

Mazoezini waliitana kwa Kisomali. Mimi nilikaa nyuma nikifuata macho yao.

Asubuhi ya Idi, baada ya swala, wote wanang'aa na manukato, Dheere akatukusanya. Akasema, "Leo tunaongea Kiswahili uwanjani. Kijana ya mwalimu anacheza mbele, lazima asikie."

Wakuu, nusura nilie. Timu nzima ibadilishe lugha kwa sababu yangu!

Shikilieni hapo. Kisomali hakina P wala V. Pilipili inakuwa bilibili, vizuri inakuwa fizuri. Nilikuwa nimeshazoea dukani na nyumbani kwa Ayeeyo, hata sikusikia tofauti tena. Wao pia walikicheka Kiswahili changu, wakisema naongea kama taarifa ya habari.

Lakini dukani ni dukani, na uwanjani ni uwanjani.

Mechi ikaanza. Bulla nzima imejaa, wazee wamevaa kanzu, akina mama upande ule, watoto juu ya mikokoteni. Bao moja kwa moja mpaka dakika za mwisho. Nikapata mpira kulia. Nikampiga chenga wa kwanza. Nikampitisha wa pili katikati ya miguu. Watu wakapiga kelele! Nikawaza, leo napata jina. Mbele yangu golikipa peke yake, na kushoto Dheere yuko huru kabisa, amenyoosha mikono.

Akapiga kelele, "Biga basi! Basi! Basi!"

Mimi Mtaita wa Voi nikasikia basi.

Basi! Yaani imetosha. Acha. Mpira umekwisha.

Nikasimama. Nikaweka mguu juu ya mpira. Na kwa sababu mama alinilea vizuri, nikainama, nikauokota kwa mikono miwili, nikampelekea refa.

Uwanja mzima uliduwaa. Hata wale korongo nadhani walishangaa.

Refa akaniangalia, akauangalia mpira, akapuliza. Free kick kwa Bulla Tangi. Golikipa wao akaupiga mbali kwa hasira zake zote. Gaab alikuwa amekuja mbele kuona ninavyofunga, akageuka, akakimbia, akaruka. Na mnakumbuka nimewaambia jina lake ni nani.

Mpira ukampita juu ya kichwa. Mbili moja. Filimbi.

Dheere akanijia akihema. "Waryaa, wewe kijana! Mimi nasema biga basi, wewe unasimama?"

"Ulisema basi!"

"Ndiyo, basi! Biga mbira kwangu, basi!"

Gaab akaja na vumbi kichwani, akawageukia watu, akasema kwa sauti, "Hii ni basi ya Liboi! Inasimama kila mahali!"

Kwa wasioijua ile njia, mabasi ya kwenda Liboi mpakani husimama kila kizuizi, abiria washuke, vitambulisho vitolewe, wapande tena. Basi linasimama mpaka unasahau ulikuwa unaenda wapi. Uwanja mzima ukacheka. Wazee kwa kanzu zao wakacheka.

Nilikimbia nyumbani. Nikaanza kupanga nguo zangu kwenye mfuko. Nikamwambia mama narudi Voi kwa bibi na sitaki kuulizwa. Mama alikuwa anasahihisha madaftari. Akasema, "Haya, ukifika usalimie," akaendelea na kazi yake. Wazazi wa zamani jamani!

Baadaye geti likagongwa. Ayeeyo Habiba. Hakubisha hodi mara ya pili, akaingia, akanishika sikio.

"Leo Idi. Hakuna mtu anakaa na njaa kwa nyumba. Kaalay, kuja."

Kwake kulikuwa na sinia la wali wa viungo, nyama ya mbuzi juu, na ndizi mbivu kando. Ndizi na wali, wakuu, kama hujajaribu umepoteza maisha. Dheere alikuwa amekaa hapo, hataki kuniangalia. Ayeeyo akamuuliza kwa Kisomali kilichotokea. Akaeleza. Alipofika mahali nilipompelekea refa mpira, Ayeeyo akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, mpaka shela ikamwanguka, akasema astaghfirullah, akacheka tena.

Mimi nikaanza kulia. Machozi kabisa, mbele ya kapteni.

Ayeeyo akaacha kucheka palepale. Akanivuta kifuani, akanipigapiga mgongo.

"Basi, mtoto yangu. Basi, basi."

Neno lilelile! Na safari hii nililielewa vizuri, maana mama mwenyewe ndivyo alivyokuwa akininyamazisha. Dheere akanisogezea mnofu mkubwa. Nikala nikilia, na nilikula sana.

Tulikuwa hatujanawa mikono tulipoitwa kutoka getini. Ilikuwa sauti ya Gaab.

"Dheere! Basi! Tokeni, tunacheza!"

Nikamwangalia Dheere. Akainua mabega. "Anakuita wewe."

Wakuu, nilikuwa nimepata jina. Sikulitaka hilo, nilitaka kitu kama Umeme au Simba, lakini lilikuwa langu. Nilitoka mbio mikono ina mafuta ya mbuzi. Ule mfuko wa nguo mama aliufungua mwenyewe.

Miaka ikapita. Tukawa vijana, sauti zikavunjika. Kisomali kikaniingia mpaka nikawa naota kwacho. Mimi mwenyewe nikawa nasema "fizuri", mama anashika kichwa.

Tukiwa sekondari, timu moja ikaja kutoka Mwingi kwa mechi ya kirafiki. Vijana wana jezi zinazofanana, soksi zimevutwa mpaka magotini. Walituzidi kila kitu. Tumekazana tu, sifuri kwa sifuri.

Dakika za mwisho mpira uko kwangu. Mabeki wao wawili wananijia kama matingatinga. Dheere kushoto, mikono juu, kama siku ile ya Idi.

"Basi! Basi! Basi!"

Mabeki wakasimama.

Nawaapia! Mmoja akaweka hata mikono kiunoni, akageuka kutafuta refa yuko wapi. Mimi sikusimama. Nilimbiga basi, samahani, nilimpiga pasi. Dheere akafunga hata bila kukimbia.

Kapteni wao akamvamia refa, povu linatoka. "Refa! Wamesema basi!"

Refa alikuwa mtu wa Garissa. Akamjibu kwa upole kabisa, "Ndiyo, basi. Na nyinyi bigeni basi."

Nililala chini kwenye vumbi nikicheka. Gaab alikimbia uwanja mzima kutoka golini akanirukia, akipiga kelele, "Basi ya Liboi leo haijasimama!" Bulla nzima ikaimba jina langu mpaka tukafika nyumbani. Sijawahi kufurahi vile tena, na nimeshaoa, mke wangu asisome hapa.

Baada ya shule mama alihamishwa, tukaondoka. Simu zikapotea, watu wakatawanyika. Mimi niko Nairobi na huku kila mtu ananiita kwa jina la kitambulisho.

Wiki jana kazi ikanipeleka Garissa. Nilipomaliza nikaenda Bulla Mtaro kwa miguu. Pamebadilika! Lami, maghorofa, uwanja wetu umejengwa maduka. Nikataja jina langu kamili kwa vijana wa dukani, wakanikodolea macho. Nikawaza, kumbe hapa sipo tena. Iliniuma kama zamani.

Lakini geti la Ayeeyo bado la bluu. Nikabisha. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka kivulini, amekuwa mdogo, macho yana ukungu. Msichana wa pale akamwambia kuna mgeni.

"Mgeni nani?"

Nikataja jina langu. Hakuna. Nikasema kijana wa mwalimu. Akafikiri, akatikisa kichwa, akamwambia msichana aniletee kiti, kwa adabu zote. Yaani adabu ile ile ya mgeni!

Nikapiga magoti mkekani. "Ayeeyo, ni mimi. Basi."

Akanyoosha mkono, akanipapasa uso, akanishika sikio. Lile lile.

"Basi ya Liboi?"

"Ndiyo, Ayeeyo."

Akavuta sikio kwa nguvu.

"Basi imechelewa. Chai yote imeboa."

Nikacheka, halafu nikashindwa kucheka. Mwanaume mzima na tai shingoni, nalia kwenye mkeka. Na yeye, bila haraka, akaanza kunipigapiga mgongo.

"Basi, mtoto yangu. Basi, basi."

Chai iliyopoa niliinywa yote. Namba ya Dheere nimepewa, nikampigia, kumbe huwa anasoma humu; ni baba wa watoto wengi na wote warefu. Gaab ana duka la hardware, bado ni mfupi.

Nilichojifunza ni hiki: jina zuri la kujichagulia halina raha kama lile ulilopewa na watu waliokucheka, halafu wakaja getini kukuita mcheze. Ukiwa nalo, usikae miaka mingi bila kwenda kuitwa.

Haya, zamu yenu. Mtaani kwenu walikuwa wanakuita nani, na ulifanya kosa gani mpaka ukapewa? Msione haya, mimi nimeshampelekea refa mpira.