Watatu wa Nyumba Yetu

Mtaani kwetu Makongeni, mtu akibisha na kuuliza mko wangapi, unajibu watatu. Nyumba ni za shirika la reli, si zetu, na sisi tumezoea kwamba anayetuhesabu anatafuta wa kufukuza. Basi mhudumu wa afya wa mtaa alipokuja na simu yake ya kuandikia hesabu, nilimwambia watatu, ingawa tuko wanane; viatu vya wengine nilikuwa nimevisukuma chini ya kitanda. Alisema kliniki inataka kujifunza kutoka kwetu, ijue ilete dawa kiasi gani. Sikumwamini hata kidogo.

Siku ya chanjo ya surua, dawa iliisha saa nne asubuhi. Muuguzi alisema wameleta kulingana na hesabu tuliyowapa wenyewe. Mjukuu wangu alirudi nyumbani bila sindano.

Wiki iliyofuata mhudumu alirudi, akaketi, akauliza kwa upole, “Mama, kwa kweli mko wangapi?”

Nikamuuliza nani mwingine anasoma hiyo simu. Alisita. Kidogo tu, lakini nilimwona.

“Watatu,” nikasema.

Nyuma ya pazia mtoto akaanza kulia. Mhudumu akalitazama pazia, akaandika watatu.