Zimwi Katika Kompyuta ya Mjomba

Jumamosi iliyopita nilikuwa nafua uani, kwenye nyumba ninayopanga hapa Kerege, nikasikia sauti ya mwanamke ikitoka chumba cha mpangaji mwenzangu. Sauti tulivu, ya Kiingereza, isiyo na haraka wala hasira. Niliacha kanga ndani ya beseni, povu likinichuruzika mikononi, nikasimama kusikiliza. Mtu mwingine angedhani kijana kaleta mgeni. Mimi niliijua sauti ile. Ni ya chombo cha anga ndani ya gemu, ikimwonya rubani kwamba ameisogelea mno nyota. Sikuwa nimeisikia tangu nilipokuwa mtoto Bagamoyo, na nikwambie kweli, kilichonijia kwanza hazikuwa nyota. Ilikuwa harufu ya nazi inayokunwa, na macho ya bibi yangu yakimfuata mjomba kila anakokwenda.

Tuliishi mji mkongwe, mimi na bibi mzaa mama. Mama alikuwa akifanya kazi Dar, akija mwisho wa mwezi. Nyumba ilikuwa ya kuta nene za mawe na chokaa, ndani mna baridi hata jua liwe kali vipi, na uani palikuwa na banda la kupikia lililoezekwa makuti. Bibi alizaliwa kwa wakulima wa upande wa Makurunge, akaolewa mjini, na alikuja na tabia ya kwao: kila kinachoingia nyumbani lazima kikaguliwe. Samaki alimfunua mashavu mbele ya muuzaji. Mchele wa mfuko, uliokwishasafishwa, yeye aliupepeta tena. Watu nao hawakusalimika.

Mjomba alikuwa kitinda mimba wake. Alirudi kutoka Dar mvua za vuli zilipokatika, mchana kweupe, akiwa na boksi kubwa lililokazwa kwa kamba. Alisema amekuja kupumzika. Bibi alimkaribisha, akampikia muhogo wa nazi na changu wa kukaanga, akamtazama akila mpaka akamaliza. Kisha, mjomba alipokwenda kuoga, nilimwona bibi akilizunguka lile boksi kama anayemkagua mbuzi mnadani. Aliligusa kwa kidole, akalinusa.

Ndani ya boksi mlikuwa na kompyuta, ile ya zamani yenye mnara wake pembeni. Mjomba aliifunga kwenye chumba cha uani, akatundika kanga dirishani kwa sababu mwanga ulimzuia kuona kioo, akafunga mlango ili vumbi lisiingie. Hivyo ndivyo alivyoeleza. Lakini mtu mzima asiye na kazi, aliyejifungia mchana kutwa nyuma ya kanga, mtaani kwetu hakuhitaji kueleza chochote. Watu walijieleza wenyewe.

Wa kwanza kuleta habari alikuwa jirani yetu, mama muuza vitumbua, ambaye ukuta wa jiko lake ulipakana na chumba kile.

"Shikamoo, bibi. Nisikuingilie nyumbani mwako, lakini mwanao anaongea na mwanamke humo ndani."

"Marahaba. Mwanamke gani?"

"Wa Kiingereza. Tena anayesema ni mwanamke. Mwanao anasikiliza tu."

Siku zile simu za watu zilikuwa zikipokea ujumbe wa matapeli, ule wa kukwambia ile hela itume kwenye namba hii. Jirani hakusema moja kwa moja. Alisema tu kwamba matapeli hao lazima wana mahali wanapokaa, na kwamba lazima wanatumia mashine. Akachukua kanga yake, akaaga. Bibi aliendelea kukuna nazi. Mlio wa mbuzi yake ya kukunia ulibadilika, ukawa wa kukwaruza kifuu kitupu.

Jioni ile aliniita. "Wewe mjomba wako anakupenda. Nenda ukakae naye humo ndani. Usimuulize kitu. Tazama, halafu uje uniambie anafanya nini."

Basi nikawa mpelelezi. Nilibisha hodi na sahani ya vitumbua, mjomba akanisogezea ndoo niikalie, na sikutoka mle mpaka adhana ya magharibi. Kiooni palikuwa na giza, na ndani ya giza nyota nyingi kuliko nilizowahi kuziona. Mjomba alibonyeza, chombo kikaruka, nyota zikavutika kama nyuzi, mara jua kubwa jekundu likajaa kioo kizima. Yule mwanamke akasema neno lake. Nilirudi nyuma nikakaribia kuanguka na ndoo.

"Anasemaje?"

"Anasema tutaungua," mjomba alijibu, akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu arudi.

Nilimpa bibi ripoti: mjomba anaruka kwenye nyota. Bibi aliuliza kama aliandika namba za simu. Nikasema hapana. Akauliza kama nina hakika. Nikasema anaruka tu, anafika, anatazama, anaondoka. Bibi aliguna. Nadhani angeniamini upesi zaidi kama ningesema namba za simu.

Siku nyingine mjomba aliniambia jambo ambalo mimi mwenyewe nililikataa. Alisema nyota nyingi za mle zimetungwa na kompyuta, lakini baadhi ni za kweli, zipo juu ya bati letu. Nilimtazama kwa jicho la bibi. Nilikuwa mtoto, si mjinga. Mtu anaposema nusu ya kitu ni uongo na nusu ni kweli, nitajuaje nipo nusu ipi?

"Tazama majina," alisema. "Zilizotungwa zina namba tu. Za kweli, nyingi zina majina ya zamani ya Kiarabu. Hii inaitwa Rigel. Rijil. Madrasa hamjafika hapo?"

Rijil ni mguu, hilo nililijua. Akanionyesha nyingine iliyoandikwa Algol. Tulipoifikia haikuwa nyota moja, zilikuwa mbili zilizokaribiana mno, moja nyeupe yenye samawati, kali, na nyingine kubwa ya rangi ya chungwa, nzito, imefifia. Zilizungukana. Kila ile nzito ilipopita mbele, ile kali ilizibwa na mwanga ukapungua. Mjomba alisema ukiitazama kutoka uani kwetu utaona nyota moja tu, lakini kila baada ya siku chache inafifia kwa saa kadhaa, halafu inarudi.

"Na jina lake?"

"Al-ghul. Muulize ustadhi wako."

Kesho yake nilimuuliza ustadhi, mbele ya wenzangu. Alikuwa mtu mpole, lakini alifunga juzuu lake taratibu. "Ghul ni zimwi. Jini linalopoteza wasafiri jangwani. Neno hili umelitoa wapi? Halimo kwenye somo lako."

Nikasema limo kwenye kompyuta ya mjomba. Ndiyo, rafiki yangu, hivyo hivyo, mbele ya darasa zima. Kabla sijafika nyumbani habari ilikuwa imenitangulia, na jirani alikuwa uani kwetu akieleza kwamba sasa anaelewa kwa nini dirisha limetundikwa kanga.

Mjomba alijaribu kujitetea kwa njia yake. Alimkaribisha bibi chumbani, akamkalisha kwenye kiti, akamwambia, "Mama, nitakuonyesha Kilimia." Bibi alikua akikitazama Kilimia kila msimu, kwao ndicho kilichowaambia wakati wa kulima. Mjomba aliruka, akafika katikati yake. Bibi alitazama kioo kwa muda, macho akiyafinya.

"Hiki si Kilimia. Kilimia ni kishada, nyota zimebanana. Hizi zimetawanyika."

"Kwa sababu tumeingia ndani yake, mama."

"Nani kakwambia uingie?" Akainuka, akatoka. Kule jikoni aliniambia mwanawe anadanganywa, au anadanganya, na yeye hajui lipi baya zaidi.

Ustadhi alikuja baada ya sala ya isha, kuiona mashine kwa macho yake. Bibi alikuwa ameniambia mapema kwamba neno la ustadhi ndilo litakaloamua kama boksi lile litalala tena chini ya dari yake. Na hakika nilijua kwamba boksi likiondoka, mjomba ataondoka nalo. Tulikaa uani, jirani naye akaleta kigoda chake bila kualikwa. Mjomba alipowasha tu, umeme ukakatika mtaa mzima. Jirani alivuta pumzi kwa nguvu.

Mjomba alitoka chumbani akipapasa ukuta. Akatazama juu. Mji wote ulikuwa giza, anga limejaa.

"Basi nitawaonyesha yenyewe," alisema.

Akaelekeza kidole upande wa kaskazini, juu ya banda la kupikia. Pale, alisema, pana nyota inayong'aa, na jirani yake mdogo amefifia. Ile inayong'aa ndiyo Algol. Keshokutwa, wakati kama huu, mtaikuta imefifia mpaka imelingana na yule mdogo. Siku inayofuata itakuwa imerudi.

"Umejuaje?" ustadhi aliuliza.

"Wataalamu wamepiga hesabu zamani. Mimi nimesoma tu kwenye simu."

"Keshokutwa atatuonyesha nyota nyingine," jirani alinong'ona, ila kwa sauti ya kusikika.

Hapo ndipo bibi alipoinuka. Alileta kinu na mchi wake, akausimamisha mchi ndani ya kinu, akaubana kwa kuni usitikisike. Akaweka mbuzi ya kukunia nazi mahali fulani, akaikalia, akasogea, akasogea tena, mpaka ncha ya mchi ikaigusa ile nyota. Kisha akachora mstari mchangani kuzunguka mbuzi yake na kutukataza sote kupita pale. Kwa siku zile mbili tulipika uani kwa kukwepa kama watu wanaokwepa kaburi.

Usiku uliongojewa ulipofika walikuja watu zaidi, wakisema wamekuja kumjulia bibi hali. Mjomba alikaa mbali, mgongo kwenye ukuta. Hakula siku ile. Bibi alikalia mbuzi yake, akaiweka ncha ya mchi, akatazama. Alitazama sana. Mwishowe akaniita.

"Macho yangu ya kizee. Kaa hapa. Unaona nini?"

"Imefifia, bibi."

"Sikuulizi mjomba wako alisema nini. Nakuuliza unaona nini."

Nilitazama tena. Nyota ilikuwa pale pale, juu ya mchi, karibu mno na ilipokuwa. Lakini mng'ao ule haukuwepo. "Imelingana na ile ndogo ya jirani yake," nilisema. "Siwezi kujua ipi ni ipi, isipokuwa kwa mchi."

Ustadhi naye akakaa, akatazama, akasema Subhanallah kwa sauti ya chini. Alimwambia bibi kwamba jina ni jina tu, wasafiri wa kale walilitoa, na aliyeumba nyota ndiye aliyeziwekea mwendo wake. Akaaga. Wengine waliondoka mmoja mmoja, wakigeuka kutazama juu.

Tulipobaki sisi watatu, bibi hakuinuka. "Nyota nimeiona," alimwambia mjomba. "Sasa niambie kilichokurudisha."

"Duka la kompyuta nililokuwa nafanyia kazi limefungwa, mama. Tajiri alituruhusu kila mmoja achukue mashine. Nikaona aibu kurudi mikono mitupu."

"Ungesema."

"Ungeamini?"

Bibi alimtazama, kisha akatazama kinu chake. "Nisingeamini," alisema. "Ningekwenda mpaka hilo duka nikalione limefungwa. Lakini ungesema." Akaingia jikoni, akampakulia wali.

Ungedhani mtaa ulitulia baada ya hapo. Haukutulia. Mtu aliyejua nyota itafifia lini, watu walisema, hawezi kuwa mtu wa hivi hivi. Kwetu kuna watu wanaopiga falaki, wanaotazama nyota za watu na kuwaambia mambo yao, na sasa ikaonekana mjomba ni mmoja wao, tena mwenye mashine. Walianza kuja na majina yao na ya mama zao, kama falaki inavyotaka, yamekunjwa kwenye vikaratasi. Mjomba aliwaambia anacheza gemu tu. Wakazidi kumwamini, maana mjuzi wa kweli, walisema, hukana. Jirani yetu naye alikuja, tena mapema kabla hajakaanga, akitaka kujua biashara yake imeshikwa na nani.

Bibi ndiye aliyewazuia. Alihamishia mbuzi yake mlangoni mwa chumba kile, akawa anakunia nazi pale, na kila aliyekuja alimkuta. "Mwanangu hapigi falaki. Anacheza. Unataka kucheza?" Aliwatazama kwa yale macho aliyomtazama nayo mwanawe siku za mwanzo, na wengi hawakurudi tena.

Mjomba alipata kazi Tanga mwaka uliofuata, akaenda. Kompyuta aliniachia, lakini chumvi ya bahari iliila ndani, na siku moja haikuwaka tena. Bibi alifariki nikiwa sekondari. Uani pale wamejenga vyumba vya wageni, na taa inayowaka usiku kucha imeula upande wote wa kaskazini. Nilikwenda mwaka jana, nikasimama, nikashindwa kupata hata Kilimia.

Juzi nilimsimulia mwenzangu kazini habari ya nyota ile, kwamba ni mbili, kwamba zinazibana, kwamba ukijua siku yake utaiona ikififia kwa macho yako mwenyewe. Nilitamani abishe. Nilikuwa tayari kumwambia njoo nyumbani, tukae gizani, ukatae kuniamini mpaka uone.

"Kumbe," alisema. Aliniamini papo hapo. Hakuinua hata uso kwenye simu yake.