Vijiti vya Netiweki na Posa ya Kaka Hoza

Hadi leo nikienda sokoni Lushoto kuna watu wananiuliza njia ya Rangwi halafu wanacheka, nami nimechoka hata kukasirika, basi acheni niwasimulie mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile kampuni za simu zilipoanza kusimika minara milimani. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nabishana na kila kitu, na nina simu (ya kwanza katika ukoo mzima). Kaka yangu Hoza alitaka kumwoa Zaina wa kijiji kimoja ng'ambo ya Rangwi, ila kuna familia moja ya kijiji cha Mponde nayo ilikuwa inamtaka. Baba yake Zaina, asiyependa kelele, akasema: njooni wote Jumamosi, watakaotangulia ndio nitakaozungumza nao.

Tukaenda watatu, baba mkubwa ambaye ndiye mshenga, shangazi na mimi. Gari likakwama kwenye tope, tukashika njia ya miguu, ukungu ukatufunika, tukafika njia panda. Mzee mmoja alikuwa anapalilia maharage.

"Muulize," akasema baba mkubwa.

Sasa kwetu humuulizi mtu njia hivi hivi, utaanza na shikamoo, onga makeo ya Kisambaa, habari za watoto, za mvua, za mbuzi, na mimi (msomi, mwenye haraka) nikaona tutachelewa.

"Baba mkubwa, simu haitaki shikamoo. Mnara uko jirani na kwao Zaina. Vijiti vya netiweki vikiongezeka tunakaribia, vikipungua tunapotea."

"Na mabonde inayaona?" akauliza shangazi.

Nikamweleza habari za mawimbi. (Swali la mabonde sikuligusa.)

Njia ya kulia kijiti kimoja, ya kushoto viwili, tukashika kushoto. Tukapanda, vikawa vitatu, tukapanda tena, baba mkubwa anahema kama mvukuto, mpaka vikajaa vyote, nikasema, "Tumefika!" na ukungu ukafunguka.

Tulikuwa kileleni, katikati ya viazi vya mtu. Mnara ulikuwa mbele yetu, unang'aa, ng'ambo ya bonde ambalo hata mbuzi angelikataa. Mawimbi yalikuwa yamelivuka hewani. Njia ya kulia, ile ya kijiti kimoja, ilijificha nyuma ya kilima na kutokea mlangoni kwa kina Zaina, ambako wageni wenye miavuli walikuwa wanakaribishwa uani.

Simu ikaita. Netiweki safi kabisa.

"Shemeji," alikuwa kaka yake Zaina, "mbona mmesimama huko juu? Tunawaona. Watu wa Mponde wameshakaa."

Tulirudi jioni. Hoza alikuwa mlangoni, amevaa shati jipya.

"Mlifika?"

Baba mkubwa akavua viatu vyenye tope, akavigonga ukutani.

"Tulipaona," akasema.

Zaina aliolewa Mponde. Hoza alipokuja kuoa kwingine, posa sikuambiwa, nilipewa kazi ya kuteka maji siku ya harusi, nami sikubisha. Mengine bado nabisha. Ila njia nauliza, hata ninayoijua, na shikamoo yangu naianza mbali, mtu akiwa bado anaonekana mdogo kama kunguru shambani.