Pima Nne za Baba

Mpaka leo nikinusa udongo wa paa la tembe uliolowa mvua ya kwanza, naikumbuka asubuhi ile tukimsubiri mkaguzi wa shule.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, na shule ya bweni ilibakiza nafasi moja ya msichana. Mimi nilikuwa binti pekee nyumbani. Baba alinipa neno moja tu: "Mkaguzi akikupitisha, nenda. Akikukataa usinililie, jembe lako lipo." Nilijua moyoni mwake alitaka nikataliwe, maana nani angemsaidia mama kusaga mtama?

Mwalimu Elia alisema mkaguzi hupenda neno "wide", yaani pana. Wiki nzima tukaliimba: barabara ni "wide", kinywa hufunguliwa "wide", macho hutoka "wide" kwa woga. Hayo ya macho sikuhitaji kufundishwa.

Mzungu akaja. Barabara na vinywa vyetu akaviruka, akagonga ukuta kwa fimbo na kuniuliza, "How wide is this room?" Nilimwelewa vizuri, na hapo ndipo nilipokwisha. Futi sikuzijua. Kwetu upana wa nyumba hupimwa kwa pima, mikono ya mwenye nyumba ikinyooshwa kutoka ncha hadi ncha. Nikaukadiria ukuta kwa jicho.

"Four," nikasema. "Four my father."

Darasa likaangua kicheko. Mkaguzi hakucheka, aliuliza kama baba yangu yupo. Alikuwa nje na wazazi wengine, akaingia kofia mkononi.

"Mzee, binti yako anasema chumba hiki ni pima nne zako," Mwalimu Elia akamwambia. "Hebu pima tuone."

Baba aliwahi kumbomolesha mdogo wake ukuta mzima kwa kosa la vidole viwili. "Kipimo hakina ndugu," alizoea kusema. Aliniangalia kidogo, akaegemeza kifua ukutani, akanyoosha mikono. Akatia alama kwa ukucha, akasogea. Pima ya nne ikagusa kona.

"Nne," akasema. "Hajakosea."

Mkaguzi akaandika jina langu. Njiani baba alitangulia kwa hatua ndefu, nami nikadhani amekasirika.

Miaka mingi baadaye nilirudi kufundisha katika chumba kilekile. Siku moja nikamwomba baba, mzee sasa, anyooshe mikono, nikakata kamba kwa urefu huo nikaenda nayo darasani. Nilipima mara tatu, sikuamini. Pima nne ziliishia kabla ya kona, zikabaki shubiri mbili nzima. Kumbe kila alipotia alama, alisogea mbele ya alama yake.

Jioni nilimkuta uani akichonga mpini.

"Baba, kile chumba si pima nne."

Hakuinua uso.

"Siku ile kilikuwa nne," akasema.