Majani Niliyoyaandika Makavu

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, nikiwa binti wa miaka ishirini na saba mwenye kichwa kigumu kuliko kisiki cha mninga. Nilikuwa naishi Kimara, nyumba hii hii uliyonikuta, na kazi yangu ilikuwa kupima msitu wa akiba ulio nje kidogo ya jiji. Ofisi yetu ilikuwa imepata mashine ya leza, na mimi ndiye niliyefundishwa kuitumia kabla ya wengine wote. Mpe kijana kitu ambacho wenzake hawakijui, uone shingo yake inavyorefuka.

Nyie leo mnazirusha zenu angani. Yetu ilisimama chini, juu ya miguu mitatu, ikizunguka polepole na kutuma miale mpaka kule juu matawi yanakokutana, kule tunakokuita paa la msitu. Mwale ukigonga jani hurudi. Muda uliotumia kurudi unakwambia jani liko umbali gani, na nguvu iliyobaki inakwambia jani linarudishaje mwanga. Kwa hiyo unajua paa ni zito au jepesi, na majani yana afya au yamechoka. Lakini jani lililolowa huumeza mwale. Hilo nalo nilifundishwa, usidhani sikulijua.

Asubuhi hiyo tulikuwa na vituo tisa vya kupima kwenye bonde moja la msitu huo. Aliyenisindikiza ni Mzee Kibwana, mlinzi wa msitu, Mzaramo wa makamo aliyelitunza bonde lile kuliko wengine wanavyotunza nyumba zao. Mvua ilikuwa imenyesha kabla ya alfajiri. Mzee alichuma jani, akalibandika shavuni, akatulia kama anayesikiliza.

"Bado, binti yangu," akaniambia. "Yana maji. Tusubiri mpaka saa tano hivi, jua lishuke huku chini."

Saa tano! Mwanangu, siku hiyo binamu yangu alikuwa na kitchen party, sherehe yake ya kufundwa kabla ya ndoa, huko Sinza, saa tisa alasiri, na mimi ndiye niliyepangwa kumwingiza bibi harusi ukumbini. Sare yangu ya kitenge ilikuwa imetoka kwa fundi jana yake, mabega yamepanda juu kama mabawa. Ningesubiri mpaka saa tano, vituo tisa vingenimalizia siku.

"Mzee, hii ni mashine ya kisasa," nikamjibu. "Haihitaji mambo ya mashavu."

Nilifunga miguu mitatu, nikabonyeza, nikaenda kituo cha pili, mpaka vyote tisa. Kwenye fomu kulikuwa na mahali pa kujaza hali ya majani. Nikaandika: makavu. Maji yalikuwa yananidondokea shingoni wakati naandika neno hilo. Nikafika Sinza mapema, nikacheza, nikapigiwa vigelegele. Nakwambia ukweli, wala sikulikumbuka lile neno.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila mimi guu langu lilichukua wiki tatu kuvunjika, tena nusura livunjike la mwenzangu. Mkuu wetu, Bi Zehra, mama wa Kihindi mpole aliyezaliwa mjini na mwenye Kiswahili cha kukufundisha wewe na mimi, alilinganisha vipimo vyangu na vya miaka ya nyuma. Bonde lilionekana limefifia. Miale mingi haikurudi, paa likaonekana lina matobo. Kwenye fomu majani ni makavu, kwa hiyo maji hayakulaumiwa. Wakubwa wakatafuta wa kumlaumu, na jibu likapatikana upesi: wachoma mkaa wameingia bondeni, na mlinzi amewafumbia macho.

Mzee Kibwana akaitwa ofisini. Alikuja na kofia yake ya kazi mkononi, viatu amevipaka rangi. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na kompyuta, kwa kuwa mimi ndiye mtaalamu. Bi Zehra alimwonyesha picha ya bonde, akamweleza taratibu kwamba jambo likithibitika atapoteza kazi. Akamuuliza ana lipi la kusema.

Mzee aliiangalia ile picha. Kisha akaniangalia mimi, mara moja tu.

"Mkaa haujachomwa bondeni kwangu," akasema. "Lakini kama mashine imesema, mie siwezi kubishana na mashine."

Akaomba ruhusa, akatoka. Mwanangu, nimeshafiwa, nimeshauguza, lakini aibu ya dakika ile sijaipata tena. Yule mtu alijua. Alikuwepo, alilowa pamoja na mimi. Neno moja tu lingemtoa, na hakulisema.

Nikamfuata nje. Nikamkuta getini anavaa kofia.

"Shikamoo, Mzee," nikasema, ingawa tulishasalimiana.

"Marahaba."

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Nikilisema mie, utakuwa umekamatwa," akanijibu, bila kupandisha sauti. "Ukilisema mwenyewe, utakuwa umerudi. Mie nina watoto, binti yangu. Najua tofauti yake. Mashine yako haina kosa, ilisema ilichokiona. Uongo uko kwenye karatasi."

Mficha uchi hazai. Nilirudi ndani, nikamwambia Bi Zehra yote: mvua, sare, Sinza, na lile neno. Alivua miwani, akaifuta kwa mtandio wake, akaivaa tena. Nilitamani anifokee.

"Vituo vingapi?" akauliza.

"Vyote tisa."

"Basi tutarudia vyote tisa. Na Mzee Kibwana ndiye atakayesema tuanze saa ngapi. Wewe utabeba miguu mitatu. Mashine ataishika mwingine, mpaka nitakapokuamini."

Ilimchukua mwaka mzima kuniamini, na sikumlaumu. Tulirudi bondeni siku ya jua. Mzee alibandika jani shavuni, akanipa na mimi langu. Tukasubiri tukila mihogo yake ya kuchemsha, hakuna aliyetaja ofisi. Saa tano na nusu akasema, "Haya." Vipimo vikatoka, na bonde lilikuwa zima. Kulikuwa na tobo moja tu, mahali mti mmoja mzee ulipoanguka wenyewe, na Mzee alikuwa ameshatuonyesha kwa kidole kabla mashine haijafunguliwa. Alistaafu miaka kadhaa baadaye, jina lake safi, na siku ya kumuaga alinishika mkono akaniita binti yangu mbele ya watu wote. Nililia, sioni haya kukwambia.

Sasa wewe unakwenda kazini wiki ijayo na chombo kizuri kuliko changu, na nimekuona shingo imeanza kurefuka. Sikukatazi kujivuna kidogo, ujana una haki zake. Ila nisikilize. Chombo hakijui kama kulinyesha. Kinajua unachokiandikia, na juu ya ulichoandika watu watajenga hukumu, na hukumu itamwangukia mtu usiyemfikiria, mwenye kofia mkononi na viatu vilivyopakwa rangi. Kwa hiyo andika ulichokiona, hata kama kinakuchelewesha sherehe. Aliyekaa na msitu kabla yako, muulize, na akikujibu usimcheke. Na ukikosea, kwa sababu utakosea, rudi kwa miguu yako kabla hujaletwa.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe macho yanayoona vizuri, na mkono usioandika kinyume cha macho yako. Na kila asubuhi, kabla hujabonyeza kitu, chuma jani, ulibandike shavuni.