Jiwe la Mzani Wangu

Mie hakuna kitu cha kunishangaza. Shule niliishia darasa la nne, nimelala juu ya maboksi sokoni, nimeokota chupa, nimesukuma mkokoteni, na leo nina yadi yangu ya vyuma chakavu hapa Temeke, na nyumba ya vyumba sita imeegemea ukuta wa yadi hiyohiyo. Kila chuma cha mji huu kimepita mikononi mwangu: nanga, kitanda cha hospitali, hata mguu wa bandia. Niletee chochote, nitakutajia kilo zake kabla hakijagusa mzani. Hivyo ndivyo nilivyokuwaga nasema, mpaka siku baba yangu alipokuja kunitembelea.

Baba ni mkulima wa mihogo na kunde kule Chanika. Alikwenda vita vya Uganda akiwa kijana, akarudi na kovu shingoni na tabia ya kukaa mgongo ukutani, uso mlangoni. Tangu hapo ni shamba na ujumbe wa nyumba kumi. Kuku wa nani kaibiwa, mke wa nani kafukuzwa, nani kasogeza mpaka usiku, wote kwake. Mshahara hana, lakini kibarazani kwake watu hawakatiki. Vita hakuwahi kutusimulia. Ukimuuliza anakuuliza kama umeshapalilia.

Yadini kwangu alikuwa hajakanyaga. Alishika lake kwamba wanunuzi wa chuma ndio wanaofanya mifuniko ya mitaro iibiwe. Lakini mke wa mwanangu alikuwa amejifungua, yuko kwangu, na mzee akataka kumwona kitukuu. Akaja na kiroba cha mihogo begani. Akamwona mtoto, akamwombea dua, na mie, kwa hamu ya kuonekana, nikamtoa nje nimtembeze kwenye mali yangu.

Tukafika mzanini. Sasa, kwenye kazi yetu hakuna anayeamini mzani wa mwenzake. Ndiyo maana kila mnunuzi ana jiwe lake, yaani kipande cha chuma ambacho uzito wake wateja wote wanaujua. Muuzaji akinuna, unalitupia mzanini mbele yake, sindano inasimama palepale, mdomo unafungwa. Langu lilikuwa zuri kuliko yote Temeke. Kilo kumi na tano kamili, nene katikati, limechongoka mbele kama papai, limeota kutu, nyuma limekatika. Lilikuja kwenye lundo la rimu na majembe, zamani. Nililipenda siku ileile.

Palikuwa na muuzaji mmoja mwenye maneno, kaleta nondo.

"Braza, mzani wako una njaa leo. Unanilia kilo zangu."

"Mzani wangu haulagi cha mtu," nikamwambia. "Baba, tazama hapa."

Nikalinyanyua jiwe mpaka kifuani, nilitupe kwa mbwembwe.

"Usishushe."

Sauti ile sikuijua. Nikageuza shingo kuona nani kaingia. Ni baba. Alikuwa ameshavua kofia, sijui kwa nini, na midomo imekuwa ya kijivu.

"Baba?"

"Usishushe. Usigeuke. Simama hivyohivyo."

Muuzaji akacheka. "Mzee naye anataka kulinunua?"

Baba hakumtazama. "Wewe, ondoka. Taratibu. Nondo zako ziache." Kisha akanijia, anatembea kama mtu anayemfuata kuku. "Lipakate kama mtoto. Hiyo ncha isitazame chini. Ni bomu hilo, mwanangu."

Hapa Temeke neno hilo haliingii sikioni kama maneno mengine. Miaka ile mabomu ya ghala la kambi ya jeshi yaliporuka, tulikimbia wote, wengine na watoto wasio wao. Upande mmoja ilikuwepo mitungi ya gesi ya fundi wa kukata vyuma. Upande wa pili, nyuma ya tofali la inchi sita, mkwe wangu alikuwa anamwogesha mtoto. Nilisikia maji yakimwagika kwenye beseni. Nilimsikia akimwimbia.

"Limekufa hili," nikasema. "Nalitupa hapa kila asubuhi."

"Pengine. Mie sijui. Hata kule tulikuwa hatujui."

Jasho likafika viganjani. Chuma kikaanza kuteleza, kidogokidogo. Baba akaingiza mikono yake chini ya yangu. Ilikuwa inatetemeka kuliko yangu. Mzee huyu nimemwona akimuua swila kwa jembe na kuendelea kulima, na sasa nasikia meno yake yanagongana. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Kando palikuwa na magodoro mabovu tuliyotoa springi. Tukasogea, hatua zetu za vibibi. Tukainama pamoja, magoti yake yakilia. Tukalilaza. Hakuna aliyetoa mkono wa kwanza, mpaka aliponiambia, "Sasa."

"Kamtoe mtoto," akasema. "Na usipige kelele. Wakikimbia watakanyagana."

Nilimtoa mtoto na mama yake, povu la sabuni bado masikioni mwa mtoto. Nilipofika njiani nikamkuta baba ameshaanza kazi yake ya ujumbe kwenye mtaa usio wake. Hodi mlango kwa mlango, kofia mkononi: "Samahanini jamani, mie mgeni kutoka Chanika, kuna nyuki wakali kwa mwanangu. Tokeni mara moja, fungeni milango, nendeni kule msikitini."

"Nyuki gani hao, mzee?" akauliza mama muuza maharage. "Wametoka Chanika na wewe?"

"Ndiyo, mama. Twende."

Wakatoka wanacheka. Mtaa mzima ukaondoka unacheka, na mie nyuma yao nimembeba mjukuu. Nikapiga simu polisi, nao wakawaita wanajeshi. Baba akasimama kwenye kona, katikati yetu na yadi, kuzuia wanaorudi. Nikamfuata nikamwambia asogee. Hakusogea. Akasema tu, macho yake kwenye geti langu, "Mwenzangu mmoja alilikalia kama lile akinyoa ndevu." Basi.

Wanajeshi walipolitoa, limezikwa kwenye boksi la mchanga, mmoja wao akaniuliza nililipataje. Nikamweleza, na habari ya kila asubuhi. Akaniangalia mikono muda mrefu.

"Lilikuwa bado zima, baruti yake haijafa," akasema. "Kaa chini, mzee, utaanguka."

Mpaka leo kila ninapoweka chuma mzanini nakiweka kwa mikono miwili, na nasikiliza kwanza kama mtoto yuko chumbani.

Nilidhani baba ataniambia neno siku ile. Alikaa kwenye benchi langu, mgongo ukutani, akawaita majirani mmoja mmoja kama anavyofanya kwake, akawauliza waliacha nini kwa kukimbia nyuki. Wali ulioungua. Shati la mteja lililobabuka kwenye pasi ya fundi cherehani. Mama wa maharage alikuja na sufuria nyeusi: "Bosi, nyuki wako wamenilia sufuria nzima." Kila aliyesema, baba alinigeukia, nami nikatoa. Sikubishana hata na mmoja, mie niliyezoea kubishana mpaka gramu. Jumla, shilingi laki moja, elfu arobaini na saba na mia tano.