Batani Tatu kwa Pamoja

Jumamosi moja mchana hivi karibuni nilikaa sebuleni na kisahani cha karanga, mtu mzima na watoto wangu wawili, nikawa naandika mbinu za gemu. Kwenye simu tuna kundi la watu tuliokulia mtaa mmoja Mwananyamala. Mmoja wetu alikuwa ameipata mtandaoni ile gemu ya zamani ya maroboti yanayopigana, akaituma, na watu wenye vipara na vitambi wakaanza kubishana kama watoto wa darasa la tano. Nani alikuwa mkali kuliko wote? Nikasema mimi. Wakasema thibitisha.

Nikathibitisha. Niliwaambia wasichague roboti la moto, lile tulilokuwa tunaliita Jiko, maana likishamwaga moto wake husimama kupoa na hapo hata mtoto analipiga. Chagua Kaa, lile bapa lenye tumbo chini, ni vigumu kulipindua. Usitangulie kuruka, mwache mwenzako aruke, umpige miguu akiwa anatua. Mgongo wako uegemeze ukutani, kwa sababu betri iko nyuma. Na usitawanye mapigo: ng'ang'ania mkono mmoja tu mpaka ung'oke, ndipo uhamie kwingine. Watu wakafurahi, wengine wakanipigia saluti.

Mbinu ya mwisho niliiandika huku nacheka peke yangu. Shika batani tatu za upande wako kwa pamoja, usiziachie, mwenzako atakwama. Kabla sijaituma kicheko kikakatika. Nikaifuta yote, nikaweka simu kifudifudi, na karanga sikuzigusa tena.

Baba alikuwa na steshenari, chumba cha mbele cha nyumba yetu. Alikuwa na mashine moja ya fotokopi na kompyuta moja ya chogo ambayo ilikuwa ikichapa barua za maombi ya kazi za mtaa mzima. Mchana, wateja wakiwa wameadimika, alituruhusu kucheza, kwa sharti kwamba mteja akiingia tu tunanyanyuka bila kuambiwa. Mdogo wangu na mimi tulikuwa tukibanana kwenye benchi moja na kibodi moja. Mimi nilishika herufi za upande wa kushoto, yeye mishale ya upande wa kulia. Anayeshindwa anaosha vyombo vya jioni. Hilo sharti tulijiwekea wenyewe na hakuna aliyelivunja.

Nilikuwa naosha vyombo mimi. Nilikuwa na miaka kumi na minne, yeye kumi na miwili, na alikuwa akinichapa vibaya. Kwenye kuchapa barua ndiyo usiseme. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kiasi kwamba baba alikuwa akimwachia barua za wateja, anasimama nyuma yake anatabasamu, anasema, "Huyu ndiye atakayeirithi hii meza." Mimi niko pale pale, nabana karatasi kwa pini. Niseme ukweli, nilikuwa na wivu, na wivu wenyewe haukuwa mdogo.

Halafu akaanguka kwenye ukuta wa jirani akichuma mapera, mkono wa kulia ukavunjika karibu na kiganja. Akafungwa hogo, ile plasta nyeupe ya hospitali, wiki sita. Wiki hizo sita zilikuwa tamu kwangu, maana benchi lilikuwa langu. Hogo lilipotolewa mkono ulikuwa mwembamba na una magamba, lakini alirudi kwenye kibodi siku ya pili tu, na siku ya tatu akanichapa. Mtu katoka kwenye hogo juzi! Vyombo nikaosha kwa hasira, nikapasua bakuli.

Kesho yake alinibana tena kwenye kona. Nikahamaki, nikakandamiza batani zote zilizo chini ya vidole vyangu, na roboti lake likasimama kama mlingoti. Nikalipiga mpaka likaanguka. Yeye akautazama mkono wake. "Dada, mkono umegoma," alisema. "Nimebonyeza, haujabonyeza."

Alipokwenda jikoni kunywa maji nilijaribu peke yangu. Nikashika batani zangu tatu kwa kushoto, nikabonyeza mishale yake kwa kulia. Hakuna kilichotokea. Nikaachia, mishale ikafanya kazi. Kibodi ile ya zamani ilikuwa haiwezi kupokea batani nyingi kwa mpigo. Zangu zikitangulia, zake hazifiki. Nilielewa vizuri kabisa, kama ninavyoelewa leo. Aliporudi akaniuliza, "Hivi inaweza kuwa ni mkono kweli?"

Nikamjibu, "Labda haujaunga vizuri. Uonee huruma."

Nililisema kwa upole, na upole ndio unaonichoma. Ningemzomea angegundua.

Nilimshinda wiki nzima, na vyombo akaosha yeye, anasugua sufuria kwa mkono wa kushoto ili wa kulia upumzike. Mama akaanza kumkanda kila baada ya sala ya magharibi kwa mafuta ya nazi ya uvuguvugu. Wakarudi hospitali, daktari akaugeuza huku na huku akasema umepona, autumie tu. Mdogo wangu hakumwamini. Daktari alikuwa hajaona roboti likigoma, mimi nilikuwa nimeliona. Akaacha gemu. Kisha akaacha kuchapa. Baba alimwita mara mbili tatu, yeye akasema mkono unamsaliti, atawaharibia watu barua zao. Baba akaacha kumwita, meza nikaachiwa mimi. Mpaka leo nakula kwa meza ile: mimi ni katibu muhtasi ofisi moja huko Mikocheni, na bosi wangu hunisifia vidole.

Mara ngapi nilitaka kusema? Nyingi. Nilijiambia ni utoto, tena kwamba amesahau. Lakini sisi ni watu wa pwani, na kwetu ukimpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto unamwomba radhi kwanza. Nimemsikia mdogo wangu akiomba radhi hiyo kwenye harusi, kwenye misiba, kwenye futari, akimpa mtu sahani: samahani kwa mkono wa kushoto. Mashangazi walikuwa wakimtania kwamba ameolewa na mkono mmoja. Kwenye simu haandiki, anatuma sauti, na watu wanasema ni mvivu. Mimi nikiwa pale nilikuwa nainama kutafuta kitu mkobani.

Jumapili iliyofuata ile Jumamosi ya karanga, alikuja kwangu bila taarifa. Ni mlezi wa watoto kwenye shule ya chekechea Kiwalani, watoto wanampenda mpaka wanamwita mama mbele ya mama zao. Alivua viatu, akakaa, akanitolea karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mwalimu mkuu anataka niingie ofisini," alisema. "Niandikishe watoto, niandike barua za wazazi. Kanipa wiki moja nijibu. Nisaidie, dada, niandikie barua ya kukataa, barua ya heshima. Wewe ndiye mwenye mikono."

"Unakataa kwa nini?"

"Si unajua. Mkono huu. Ntakaa pale mbele ya kompyuta watu wananitazama, unigomee. Mie nilishauzoea, lakini aibu siitaki."

"Na kazi yenyewe unaitaka?"

Alinyoosha ile karatasi kwenye goti. "Naitaka sana," alisema. "Nimeota nimekaa kwenye kile kiti."

Ningeweza kumtia moyo tu, kumwambia jaribu, utaweza, na siri yangu ikabaki salama. Niliifikiria njia hiyo, sitaki kudanganya. Lakini alikuwa ameshaambiwa hivyo na daktari, na mama, na baba, na hakuwaamini. Aliyemwamini ni mimi.

Nikaleta laptopu ya nyumbani, nikafungua ile gemu iliyotumwa kwenye kundi. Alipoona yale maroboti alicheka, akasema ehee, Kaa huyu hapa. Nikamwomba acheze. Akakataa, nikambembeleza, akaweka mkono wa kulia kwenye mishale kwa woga, kama anagusa pasi kuona kama ni ya moto. Nikamwacha acheze dakika kadhaa. Alikuwa mzito mwanzoni, kisha vidole vikaanza kukumbuka, akanipiga miguu natua. Hapo nikashika batani tatu. Roboti lake likasimama. Uso wake ukashuka kama nilivyouona ukishuka siku ile.

"Umeona sasa," alisema.

"Tubadilishane," nilimwambia. "Mimi nishike mishale. Wewe shika hizi tatu, usiziachie."

Akashika. Nikabonyeza mishale kwa mikono yangu hii inayosifiwa ofisini. Nikabonyeza kwa nguvu, nikabonyeza na vidole viwili. Roboti halikusogea. Akaachia, likasogea. Akashika tena, likasimama. Akarudia mara nne au tano, polepole, na niliona analipata mwenyewe.

"Ni kibodi," alisema.

"Ni kibodi. Hata ile ya baba ilikuwa hivi."

"Ulijua lini?"

"Siku ileile. Ulikwenda kunywa maji."

"Kabla mama hajaanza kunikanda?"

"Kabla."

Alitoa mkono kwenye batani, akauweka mapajani na kuufunika kwa wa pili. Ile karatasi akaikunja tena na kuirudisha mkobani, akasema barua ya kukataa nisiiandike, ataongea na mwalimu mkuu mwenyewe. Nilitegemea atanitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata ningeyafurahia. Nikafungua mdomo nimwombe msamaha, akanizuia.

"Usiniombe leo, dada. Hujui unaombea nini, hata mie sijui. Kila nikikaa kidogo nakumbuka kitu kingine."

Nje mtu alikuwa anauza ndala kwa spika. Mdogo wangu akasema, "Kusuka. Nilikuwaga najua kusuka, nikaacha." Nikadhani amemaliza.

"Mwanangu nilipomzaa," alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imebadilika, "sikuwahi kumwogesha. Niliogopa mkono utamwachia, aniteleze kwenye beseni. Siku arobaini zote nilikaa kitandani nikiangalia anaogeshwa."

Nilikuwepo. Nilikuwa napita kwake kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, napasha maji, namwogesha mtoto, namsinga mafuta, namrudisha kwake amenukia. Majirani waliniona, wakawa wanamwambia amshukuru Mungu kwa kumpa dada kama mimi. Naye alishukuru.